Supu Iliyopita Ukutani

Jina lake sitalitaja, na msidhani nimelisahau. Kwetu Wakurya mke wa mwana halitaji jina la baba mkwe wake, awe hai au awe kaburini, na mimi kwa uzee huu sioni sababu ya kuanza leo. Watu wote, kuanzia pale kwetu karibu na Nyangoto mpaka sokoni Tarime, walimwita Mpishi. Mimi nilimwita Tata, yaani baba, tena nikisema hivyo huku nimegeukia pembeni. Mambo ya mahali alipozaliwa na ukoo wake waulizeni wanaume, wao ndio wanaopenda kuhesabu mababu. Mimi nitasimulia ninachokijua, na ninachokijua zaidi ni sauti yake, maana uso wake sikuutazama sawasawa kwa miaka mingi.

Alikuwa mtu wa miiko kuliko wazee wenzake wote. Nilipoolewa pale, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, niliambiwa nisikae alipokaa, nisipite mbele yake, nisimpe kitu mkono kwa mkono. Haya yote niliyajua, kwetu nilifundwa. Lakini yeye alizidisha. Siku moja tulikutana kwenye kijia chembamba cha mtoni, mimi nina mtungi kichwani. Kabla sijajua niende wapi, mzee wa watu aliingia kwenye vichaka vya miiba akasimama humo amenipa mgongo, mpaka nikapita. Jioni mama mkwe alikuwa akimtoa miiba kwenye miguu huku akimcheka. Yeye akasema, "Heshima haina njia ya mkato." Mama mkwe akazidi kucheka.

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika nyumba ya Mzungu mmoja wa mgodi wa dhahabu, ng'ambo ya kilima. Kazi ilipokwisha alirudi na koti la kaki lisilo na vifungo viwili, sufuria moja nzito yenye mfuniko, na maneno mengi. Kwenye pombe aliwaelezea wenzake vyakula vya kule: nyama iliyofungwa kwenye unga, mayai yaliyopigwa mpaka yakawa povu, supu nyeupe ya mboga na maziwa ambayo juu yake wanaweka jibini mpaka inavutika. Wazee walimcheka, lakini nani aliondoka? Walikaa wakamsikiliza mpaka mwisho. Kuhusu kupika kwake, hakuna aliyemwona hata siku moja. Wala hatukushangaa. Kazi ya mshahara ni kazi ya mshahara. Nyumbani mwanamume wa Kikurya hagusi figa.

Pamoja na hayo, hakuna mtu aliyeingilia mambo ya jiko kama yeye. Asubuhi alizunguka nyumba akitazama moshi unaotoka kwenye paa. Ukiwa mwingi alisimama mbali akauliza, "Humo ndani mnapika au mnafukuza nyuki?" Kuni mbichi alizitambua kwa harufu. Sifa hakumpa mtu. Ugali ukiwa mzuri alikula akanyamaza, ukiwa mbaya alikula akanyamaza vilevile, ila siku hiyo alikohoa. Nilijifunza kuogopa kile kikohozi kuliko matusi.

Na alikuwa mbishi. Kanisani aligombana na katekista kwa sababu ya urefu wa mahubiri, akasema mbuzi wake hawajui Jumapili. Wiki hiyohiyo paa la kanisa lilipobomoka kwa upepo, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda na majani, na alishuka jua linazama. Katekista alipomshukuru, alimjibu kwamba amefanya hivyo ili asinyeshewe akiwa anasubiri mahubiri yaishe. Huyo ndiye Mpishi. Ukimpenda asubuhi, mchana atakukera.

Sasa nifike kwenye ile supu, maana bila hiyo nisingekuwa na sababu ya kumwandika.

Nilikuwa sijamaliza miezi mitatu pale nyumbani mama mkwe alipougua. Homa ilimpiga wiki mbili, na ilipoondoka ilimwachia koo lenye vidonda. Ugali haukupita. Uji wa wimbi ulipita ukarudi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko, akakonda mpaka bangili za shaba mkononi zikawa zinateleza hadi kwenye kiwiko. Dresa wa zahanati alikuja, akamtazama, akamwambia Tata pale uani mimi nikisikia: "Mzee, dawa nimempa. Lakini asipokula, dawa yangu ni maji tu. Mtafutieni kitu laini chenye nguvu, la sivyo mwezi huu hataumaliza."

Majirani nao hawakulala. Walianza kunong'ona kwamba bibi harusi ana mguu mbaya, ameingia na nuksi, mbona mama alikuwa mzima kabla yake? Nilisikia. Nani asiyesikia anaposemwa yeye? Nilikuwa na miaka kumi na saba na niliamini nusu ya maneno yao. Nilimpenda yule mama, alinipokea kama binti yake wa kumzaa, na kila asubuhi niliamka nikimtazama kifua kama bado kinapanda na kushuka.

Kesho yake dresa alipoondoka, Tata alitoka alfajiri, akaenda kwa miguu mpaka duka la Mhindi kule Tarime. Alirudi na kopo moja dogo la jibini, unga wa ngano kidogo, vitunguu, na karoti chache alizoomba kwenye bustani ya misheni. Viazi mviringo tulikuwa navyo, na boga lilikuwa juu ya paa. Aliviweka vyote mlangoni, pamoja na sufuria yake nzito ambayo hakuna mwanamke aliyekuwa ameruhusiwa kuigusa. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa ndani na mgonjwa. Nikasikia kigoda kinawekwa chini, mtu anakaa, mgongo unagusa ukuta.

"Mokamona," akaita. Ndivyo tunavyomwita mke wa mwana.

"Tata."

"Mimi siwezi kuingia humo ukiwa jikoni, na wewe huwezi kutoka humo. Ukuta ni wa udongo tu. Nitasema, utafanya. Usifanye ambalo sijasema. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Tata."

"Menya boga."

Tukaanza hivyo. Nawaambia, nimefundishwa na walimu wa shule mpaka darasa la nne, na hakuna aliyenifundisha kama yule mzee aliyekuwa ameupa ukuta mgongo. Alisikiliza kila kitu. Nilipokata viazi aliuliza, "Mbona unakata kwa hasira? Vidogo, vilingane, viive pamoja." Nilipotia samli na vitunguu akasema, "Vikipiga kelele moto umezidi. Toa ukuni mmoja. Nataka vinong'one." Nikatoa ukuni. "Sasa tia unga wa ngano, kijiko kimoja, ukoroge mpaka unukie kama mkate." Mimi mkate nilikuwa nimeuona mara mbili maishani. Nikakoroga mpaka uliponukia kitu nisichokijua, nikasema, "Tayari."

Kisha akasema, "Chukua maziwa yaliyokamuliwa leo, uyachemshe peke yake kwanza."

Hapo mikono ikanigoma. Bibi yangu mzaa mama alinilea akiniambia kwamba maziwa mabichi hayapandi motoni: ukiyachemsha, ng'ombe aliyeyatoa atakauka titi. Mama mkwe mgonjwa, halafu niue na ng'ombe? Wale majirani wangesema nini? Nikafikiri kwa akili zangu za bibi harusi. Kwenye kibuyu kulikuwa na maziwa ya juzi, yameganda vizuri, kibuyu nimekifukiza mwenyewe kwa mkaa. Nikajiambia kwamba hayo yameshaachana na ng'ombe wake, hayana madhara. Nikayamimina, nikayatia motoni, nikanyamaza.

Yalikatika. Yaligawanyika yakawa maji ya kijani huku na mabonge meupe kule. Nilitaka ardhi inimeze.

"Mokamona, kimya hicho cha nini?"

"Tata, maziwa yamekatika."

"Maziwa gani?"

Ningedanganya, lakini uongo unahitaji mtu asiye na hofu. "Ya kibuyu," nikasema. Nikamweleza na maneno ya bibi yangu, yote, nikilia. Nilisubiri kikohozi. Badala yake nikasikia akisimama, anatembea kwenda zizini, anarudi. Akaweka kata ya maziwa mapya mlangoni, na kitambaa cheupe juu yake, kitambaa cha mama mkwe cha kanisani.

"Ng'ombe ni wangu," akasema aliporudi kwenye ukuta. "Akikauka, akauke. Mke nikimkosa, nitamkamulia nani? Chemsha hayo. Na yale yaliyokatika usimwage. Yafunge kwenye kitambaa, yaning'inize, maji yashuke. Kesho uyatie chumvi, uyawekee jiwe juu. Hiyo ni jibini. Umeipika kabla sijakufundisha."

Kopo la Mhindi lilikuwa dogo, lingetosha siku tatu. Kosa langu ndilo lililotupa jibini ya siku zote zilizofuata, na mpaka leo sioni aibu kulisema. Wengine wanazaliwa wanajua. Mimi nilikosea nikajua.

Nikachemsha maziwa ya ng'ombe wa Tata. Nikayamimina kidogo kidogo kwenye vitunguu na unga, nikikoroga. Mboga zilizoiva nikazisaga kwa mgongo wa upawa mpaka hakuna punje. "Changanya," akasema. "Isichemke tena. Ikianza kupumua, punguza moto. Sasa chovya upawa, utoe, upitishe kidole mgongoni mwake. Njia ya kidole inabaki?"

"Inabaki."

"Tia utando wa juu wa maziwa. Jibini mwishoni, moto ukiwa umetoka. Koroga upande mmoja."

"Chumvi kiasi gani, Tata?"

"Onja mwenyewe. Ulimi ni wako."

Nikaonja. Sitawadanganya kwamba niliipenda. Ilikuwa nzito, tamu ya boga, na ile jibini ya kopo ilikuwa na ukali wa kitu kilichofungiwa. Nikaongeza chumvi. Nikaonja tena, nikaanza kuielewa.

Mama mkwe nilimwinua nikamwegemeza kifuani kwangu. Kijiko cha kwanza alikiweka mdomoni muda mrefu, nikaona koo linapanda, likashuka. Hakikurudi. Cha pili. Cha tatu. Alipofika cha saba akanisukuma mkono.

"Nani amepika hiki?" aliuliza kwa sauti iliyokwaruza.

"Mimi, Mama. Tata ndiye aliyenielekeza."

"Yule?" akasema. "Yule hajui hata kuchemsha maji." Akacheka, kicheko kidogo kilichomuuma, na nje ya ukuta nikasikia kigoda kinasogea.

Alipolala, Tata aliniuliza jambo moja tu, amekula vijiko vingapi. Nikasema saba. Akasema, "Kesho kumi."

Na kesho yake alikaa palepale. Na keshokutwa. Mvua ilinyesha, akajifunika gunia, akakaa. Kulikuwa na siku ambazo mama alitapika yote, nikakata tamaa, nikasema, "Tata, haiwezekani." Alijibu, "Sijakuuliza kama inawezekana. Nimesema menya boga." Nilimchukia siku hiyo, nawaambia ukweli. Nikamenya boga.

Wenzake wa rika wakaanza kumpita wakienda pombeni bila kumwita. Mzee mmoja, jirani yetu mwenye mdomo, alimkuta amekaa nyuma ya nyumba akisema peke yake, "Geuza kitunguu, geuza." Akasimama akashika kiuno.

"Kumbe ni kweli walivyosema. Unaufundisha ukuta kupika?"

"Ukuta unasikia kuliko wewe," Tata akamjibu, bila kuinuka.

"Mwanamume mzima, unahesabu vitunguu. Wazee wanazungumza. Ile nafasi yako ya kukaa barazani kwao, usidhani inakungoja."

"Waambie wakae. Mimi nina kazi." Kisha akageukia ukuta. "Mokamona, usisimame kwa sababu ya huyu. Vinanukia kuungua."

Nafasi ile kweli alipewa mtu mwingine. Mtu aliyeingia kwenye miiba kwa ajili ya heshima alikubali kuchekwa na kijiji kizima, na sikumsikia akilalamika hata mara moja. Nilijiuliza sana, mtu wa namna gani huyu? Anashika mwiko mmoja kwa meno, na mwingine anaukalia kama kigoda.

Mwezi wa dresa ulipita. Mama mkwe akafikisha vijiko kumi, akafikisha bakuli. Mwezi wa pili alishika upawa mwenyewe. Mwezi wa tatu alikula ugali, akaniambia boga amelichoka na nikilileta tena atanirudisha kwetu. Ng'ombe hakukauka, ila hilo sikulitangaza, maana bibi yangu alikuwa bado hai. Majirani walionisengenya walikuja mmoja mmoja kuuliza ile supu inapikwaje, kwa ajili ya watoto wao na wagonjwa wao. Niliwafundisha wote, hata yule mwenye mdomo mkewe alipougua. Nilimfundisha kupitia ukutani, makusudi, akae kwenye kigoda kama mwenzake.

Mama mkwe aliishi miaka sita tena. Alipokufa alikufa kwa siku moja, mchana, akiwa ametoka shambani, ameshiba. Tulimlilia, tukamzika. Mimi wakati huo nilikuwa na nyumba yangu na watoto watatu. Tata hakulia mbele ya watu. Alirekebisha zizi wiki nzima, mahali ambapo halikuwa limeharibika.

Baada ya mwezi hivi, mchana, nilikuwa ndani ninachambua maharage. Nikasikia kigoda kinawekwa nyuma ya nyumba yangu, na mgongo unagusa ukuta. Miaka sita sikuwa nimeusikia mlio ule wa kigoda, lakini mwili ulijua. Nikaacha maharage.

"Mokamona."

"Tata."

"Kuna neno limenikaa. Mama yenu alikuwa analijua, wewe hulijui. Kule mgodini mimi sikuwa mpishi."

Nikainuka, nikasogea ukutani.

"Nilikuwa napasua kuni na kuosha masufuria. Mpishi alikuwa mtu mwingine, hakutaka mtu aingie jikoni kwake. Mimi nilisimama dirishani. Nilikuwa natazama mikono yake, nasikiliza. Miaka yote hiyo."

"Na supu, Tata?"

"Memsabu, mke wa yule Mzungu, aliugua, akawa hali kitu. Akapikiwa hiyo. Nikamwona akirudi, siku kwa siku, mpaka akatembea bustanini. Basi mama yenu alipofungwa na koo, nikakumbuka. Sikuwa na kingine cha kukumbuka."

"Kwa hiyo ulikuwa hujawahi kuipika."

"Sijaipika. Wala sijaionja. Iliyobaki walipewa mbwa."

Nikakaa chini pale kwenye maharage yangu. Hasira ilinipanda, nakiri. Nilifikiria zile siku nilizolia, zile amri, "usifanye ambalo sijasema", mtu mwenyewe anabahatisha kama mimi. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo mke wa mwana hapaswi kuitumia, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungechemsha yale maziwa?"

"Nisingechemsha," nikasema.

"Ndiyo hivyo."

"Na kwa nini hukuonja hata mara moja? Sufuria ilikuwa pale, nyuma ya ukuta, miezi mitatu."

"Kijiko ambacho ningekula mimi, yeye angekikosa," akasema. "Na baadaye nikaona haya kuomba. Mpishi anaomba kuonja chakula chake?"

Nikasimama. Boga lilikuwepo, viazi vilikuwepo, maziwa ya asubuhi yalikuwepo. Jibini ilikuwa chini ya jiwe lake, maana sijawahi kuacha kuitengeneza. Niliwasha moto bila moshi. Nikakata vidogo, vikalingana. Hakusema neno hata moja nikipika, na mimi sikumuuliza kitu. Vitunguu vilinong'ona. Chumvi niliionja mara tatu.

Nilimimina kwenye bakuli, nikaliweka chini kwenye kona ya nyumba, nikaweka kijiko, nikarudi ndani kama inavyotakiwa. Nikasikia anainuka, anarudi, anakaa. Kijiko kikagonga bakuli mara moja. Hakikugonga tena, nikaenda kuweka sikio ukutani. Nilimsikia akipumua kama mtu anayebeba kitu kizito. Nikajua analia, na mimi nikalia upande wangu, sikujizuia.

Akaendelea kula. Alikula yote, akakwangua.

"Mokamona."

"Tata."

"Kumbe alikuwa anakula kitu kizuri."